Kabla ya filta: historia fupi ya watu waliojihariri

Mtu akiweka mtandaoni picha yake aliyoilainisha uso na kuing'arisha macho, haipiti saa kabla hajatokea wa kumtupia methali: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wengine hawana hata muda wa methali, wanaandika tu "filta hizo" na kucheka. Lawama hii ina mzizi mmoja. Tunaamini kwamba zamani picha ilikuwa kweli tupu, na kwamba simu ndizo zilizotufundisha uongo. Wazee wetu, tunaambiwa, walikwenda studio, wakakaa kwenye kiti, wakapigwa kama walivyo, wakaenda zao.

Sikubaliani na hadithi hiyo, na historia nayo haikubaliani nayo. Watu walianza kujipiga picha na kujigeuza mle ndani ya picha tangu kamera ikiwa changa kabisa. Hebu tuifuate safari hiyo, maana mtu akiijua ataona kwamba kuuliza "hii imehaririwa?" ni kuuliza swali dogo. Swali kubwa ni hili: nani aliihariri, na nani alimpa ruhusa?

Tuanze Philadelphia, Marekani, mwaka 1839. Robert Cornelius alikuwa kijana wa miaka 30 ambaye familia yake ilitengeneza taa. Teknolojia ya dagerotipu, yaani picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, ilikuwa ndiyo kwanza imetangazwa Paris mwaka huohuo. Cornelius alitega kamera yake nje ya duka la familia, akaenda kukaa mbele yake, akatulia tuli huku mwanga ukifanya kazi. Picha ipo mpaka leo katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Nywele zimetimka, mikono ameikunja kifuani, na hakukaa katikati. Nyuma yake aliandika kwamba hiyo ndiyo picha ya kwanza ya mwanga kupata kupigwa. Wataalamu wanaweza kubishana kuhusu "ya kwanza", lakini ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa ambazo mtu alijipiga mwenyewe. Mkumbuke kuwa kaandika nyuma ya picha. Tutarudi hapo.

Mwaka mmoja tu baadaye, Oktoba 1840, tunampata Mfaransa anayeitwa Hippolyte Bayard. Huyu alikuwa karani wa Wizara ya Fedha mjini Paris, na kwa jitihada zake mwenyewe alikuwa amegundua njia yake ya kupata picha moja kwa moja juu ya karatasi. Juni 1839 alionyesha hadharani picha zake 30, wakati Daguerre alikuwa bado hajaweka siri yake wazi. Lakini mwanasayansi mwenye nguvu serikalini, François Arago, alikuwa upande wa Daguerre. Serikali ya Ufaransa ikampa Daguerre malipo ya faranga 6,000 kwa mwaka maisha yake yote. Bayard aliambulia faranga 600 za kununulia vifaa.

Alifanya nini? Alivua nguo, akajifunika shuka kiunoni, akaegemea ukuta, akafumba macho, akajipiga picha akiwa maiti. Nyuma ya picha akaandika maelezo marefu kwamba huyu mnayemwona ni mwili wa bwana Bayard, ambaye serikali ilimpa Daguerre kila kitu ikamnyima yeye, naye masikini akaenda kujitosa majini. Akaongeza kejeli: uso na mikono ya marehemu vimeanza kuoza, na ndiyo maana vinaonekana vyeusi. Ukweli ni kwamba uso na mikono vilikuwa vimebabuliwa na jua tu. Bayard hakufa. Aliishi mpaka 1887.

Tafakari jambo hilo. Kamera ilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Hakukuwa na balbu ya umeme majumbani wala filamu. Na tayari mtu alikuwa ametengeneza picha yake ya uongo ili aseme jambo la kweli: nimedhulumiwa. Katika picha ile kila kitu ni maigizo isipokuwa malalamiko.

Kilichofuata ni ufundi kukua. Katikati ya karne ya 19 wapiga picha waligundua kwamba negativu mbili, tatu au thelathini zinaweza kuunganishwa katika karatasi moja. Unafunika sehemu moja, unaachia mwanga kwenye nyingine, unabadilisha negativu, unaendelea. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, mzaliwa wa Sweden aliyeishi Uingereza, aliunganisha negativu zaidi ya 30 kuwa picha moja kubwa yenye umati wa watu. Baadaye, mnamo 1871, akatumia mbinu hiyohiyo kujichezea: akatengeneza picha ambamo Rejlander msanii anamtambulisha Rejlander askari wa kujitolea. Mtu mmoja, mara mbili, ndani ya fremu moja. Ukiona leo kijana amejitokeza mara mbili kwenye picha akijisalimia mwenyewe, mwambie mzee Rejlander alishamtangulia.

Huku kwetu kamera ilifika mapema kuliko wengi tunavyodhani. Msafara wa Mfaransa Charles Guillain uliopita pwani ya Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848 ulibeba kamera ya dagerotipu. Baadaye Zanzibar ikapata studio za kudumu, maarufu mojawapo ikiwa ya familia ya Gomes kutoka Goa. Kufikia mwaka 1900 hivi, postikadi zenye sura za watu wa Zanzibar na Mombasa zilikuwa zinauzwa kwa mabaharia na watalii, zikisafiri mpaka Ulaya.

Postikadi hizo ndizo zinazonifanya nisiamini kabisa kwamba picha "halisi" ni picha ya kweli. Uso haukuguswa. Ngozi ni yake, macho ni yake. Lakini chini yake pamechapishwa maneno kama "mwanamke wa Kiswahili", basi. Hakuna jina. Hakuna mtaa. Hatujui kama alilipwa, kama alichagua nguo zile, kama alijua kwamba picha yake itabandikwa stempu na kwenda kukaa kwenye droo ya mtu London. Mwenye uso hakuandika chochote, wala mbele wala nyuma. Walioandika ni wengine. Ukiniuliza mimi, huko ndiko kuhaririwa kukubwa kuliko kote: mtu mzima mwenye ukoo na jina kugeuzwa kuwa mfano wa kabila.

Lakini watu wa pwani hawakukubali kubaki hivyo. Waliingia studio kwa miguu yao na kwa pesa zao, wakaagiza picha wanazotaka. Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 Zanzibar, ilipiga sura za Mji Mkongwe kwa miongo mingi. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, aliyeanza kama mpiga picha wa mitaani kabla ya kufungua Bakor Studio mwaka 1962. Huyu alikuwa fundi wa madoido. Alikata, akabandika, akapiga upya, akaunganisha vipande vya picha mbalimbali mpaka vikawa picha moja ambayo haiwezekani duniani. Kwa mkasi na chumba cha giza! Na Likoni, Mombasa, miaka ya 1990, karibu na kivuko, kulikuwa na wapiga picha waliojenga vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Kijana aliyetoka bara kutafuta kazi alisimama mbele ya ndege ya rangi, akapigwa, akatuma picha nyumbani.

Je, alikuwa anadanganya? Mama aliyepokea picha ile kijijini hakuwa mjinga. Alijua ndege ile ni kitambaa. Alichosoma pale ni ujumbe: niko hai, nimevaa vizuri, nina matumaini ya kufika mbali. Pazia lilikuwa sentensi, na mteja ndiye aliyeichagua.

Kuna mtu mmoja ambaye historia hii yote inakutana mwilini mwake. Anaitwa Samuel Fosso. Alizaliwa Cameroon mwaka 1962, akakulia Nigeria kwa babu na bibi yake. Alipokuwa mchanga aliugua mwili kupooza, na kwa sababu hiyo wazazi wake hawakumpiga picha ambayo kwa desturi watoto walipigwa. Kwa nini upoteze pesa kwa mtoto wa namna hiyo? Babu yake, aliyekuwa mganga, alimtibu akapona. Kisha vikaja vita vya Biafra. Baada ya vita alichukuliwa kwenda Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na huko mwaka 1975, akiwa na miaka 13, akafungua studio yake.

Mchana alipiga wateja. Jioni, kwenye mkanda zilipobaki picha chache ambazo hazijapigwa, alijipiga mwenyewe. Wateja walitaka picha zao haraka, kwa hiyo mkanda ulikuwa lazima umalizwe usafishwe, na Fosso akaona si vizuri kupoteza nafasi zile. Alivaa viatu vya kisigino kirefu, suruali bwaga, miwani mikubwa. Nyingine alimtumia bibi yake Nigeria. Mtoto ambaye hakustahili picha moja alijipa mwenyewe mamia.

Kwa miaka karibu 20 picha hizo hazikujulikana nje, mpaka zilipoonyeshwa Bamako, Mali, mwaka 1994. Mwaka 2008 Fosso alijigeuza Lumumba, akajigeuza Nkrumah, akajigeuza Malcolm X, Muhammad Ali na hata Angela Davis, kila mmoja kwa mavazi, nywele na mkao wake. Mwaka 2014, katika machafuko ya Bangui, nyumba yake iliporwa na negativu zikatupwa barabarani. Waandishi wa habari waliokuwa wakiripoti vita vile wakasaidia kuziokota kutoka vumbini. Mwaka 2023 alishinda tuzo ya Deutsche Börse mjini London, moja ya tuzo kubwa za upigaji picha duniani.

Sasa tuje kwenye mashine. Watu husema filamu ya zamani ilikuwa haina upendeleo, ilinasa kilichokuwepo. Siyo kweli. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilizipatia maabara za kusafishia picha kadi za kupimia rangi, zenye sura ya mwanamke mweupe. Kadi ziliitwa "Shirley", kwa jina la mfanyakazi aliyekuwa wa kwanza kupigwa. Rangi ikikaa sawa kwenye ngozi ya Shirley, basi imekaa sawa. Ngozi nyeusi ikitoka kama kivuli chenye meno, hiyo ni shauri yako. Malalamiko yaliyosaidia kuisukuma kampuni ibadilike yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia hazikuonekana vizuri kwenye matangazo. Kadi yenye wanawake wa rangi tofauti ilikuja miaka ya 1990. Kwa hiyo albamu za wazee wetu, zile tunazoziita halisi, zilikuwa zimeshapita kwenye filta. Ni vile tu filta haikuwa na kitufe cha kuizima.

Mwaka 1987 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, Thomas Knoll, aliandika programu ndogo ya kuonyesha picha kwenye skrini ya kompyuta yake. Ndugu yake John, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya madoido ya sinema, aliona faida yake, wakaiendeleza pamoja. Februari 1990 Adobe ikaitoa sokoni kwa jina la Photoshop. Ukiifungua leo utakuta vifaa vya kung'arisha sehemu na kukoleza sehemu, na majina yake ni yaleyale ya chumba cha giza, na alama ya kimoja ni mkono uliokunjwa, kama fundi alivyokuwa akikunja wake kuchezesha mwanga juu ya karatasi. Ndugu hawa wawili hawakugundua uongo. Walihamisha chumba cha giza kwenye meza, wakakipa mwanga.

Lakini chumba cha giza kikiwa mezani kwa kila mtu, kinaweza kumfanyia mtu bila yeye kujua. Juni 1994 jarida la Time la Marekani lilichapisha kwenye jalada picha ya polisi ya O.J. Simpson, likiwa limeifanya nyeusi zaidi kuliko ilivyokuwa. Newsweek ya wiki ileile ilikuwa na picha hiyohiyo bila kuguswa. Zikawekwa bega kwa bega kwenye meza za magazeti, na Marekani nzima ikaona. Sisi wa magazetini tuna sababu ya kukumbuka jalada lile. Picha ya habari ni ya msomaji, anaitegemea kujua kilichotokea, na ndiyo maana hatuna ruhusa ya kumkoleza mtu rangi wala kumfuta aliyekuwepo. Picha ya mtu mwenyewe aliyojipiga ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni kauli yake. Tukizichanganya hizi mbili, tutamwonea msichana aliyejiwekea maua kichwani na tutamsamehe mhariri aliyemtia mtuhumiwa giza usoni.

Kompyuta zilipofika kwenye studio zetu za mitaani, fundi wa Kariakoo alianza kufanya alichofanya Bakor, bila mkasi. Mnakumbuka albamu za harusi, bwana na bibi arusi wakiwa ndani ya glasi ya mvinyo? Mtoto wa Mbagala akiwa mbele ya maporomoko ya maji na milima ya theluji? Tulicheka, lakini mteja alikuwa amekaa palepale pembeni ya fundi akisema, sogeza kidogo, hapana, weka ile yenye mawaridi. Mteja alikuwa mhariri mkuu.

Kisha kazi ile ikahamia mfukoni. Oktoba 2010 Instagram ikazinduliwa na filta zake za kuiga filamu za kale. Mwaka 2013 kamusi za Oxford zikaichagua "selfie" kuwa neno la mwaka. Kuanzia mwaka 2015 Snapchat ikaleta madoido kama masikio ya mbwa na mataji ya maua yanayofuata uso ukitembea. Hapo ndipo kitu kikabadilika, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Zamani uliagiza madoido. Sasa madoido yanakuja yameshaamuliwa. Aprili 2017 FaceApp ilikuwa na filta iliyoahidi kumfanya mtu avutie, na watu weusi walipoitumia walitoka weupe. Mkuu wa kampuni aliomba radhi, akaeleza kwamba tatizo lilitokana na data waliyoifundishia programu. Mwishoni mwa 2022 Lensa ikaja na picha za kuchorwa na akili bandia kutokana na selfi unazoipatia, na malalamiko yakawa yaleyale: ngozi imepauka, na wanawake wametolewa nusu uchi bila kuomba.

Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Tunajua mkorogo unavyoharibu ngozi, na tunawasema dada zetu wanaoupaka. Lakini mkorogo wa simu haununuliwi dukani. Unapakwa kimyakimya, ukibonyeza tu "pendeza", na haukuulizi kama kupendeza kwako ni kuwa mweupe. Na mwenye mali ni kampuni. Januari 2025 Meta iliziondoa kwenye Instagram filta zote zilizotengenezwa na watu wa nje, na kazi za wasanii wengi zikatoweka kwa uamuzi wa ofisi moja.

Je, dawa ni kuacha kuhariri? Zanele Muholi, mpiga picha wa Afrika Kusini aliyezaliwa Umlazi mwaka 1972, amejibu kwa vitendo. Katika mfululizo wake wa picha za kujipiga unaoitwa Somnyama Ngonyama, Muholi amejivika vitu vya nyumbani, vibanio vya nguo, sponji za chuma, mipira ya baiskeli, kama mataji. Kisha akaingia kwenye uhariri, akaongeza kontrasti, na ngozi yake ikawa nyeusi zaidi ya ilivyo, nyeusi mno, macho yakibaki yanakutazama. Kitufe ni kilekile. Programu inaweza kukivutia kwenye weupe, Muholi kakivutia upande wa pili kwa mkono wake. Picha hizo hazifanani kabisa na "uhalisia", na hakuna anayeweza kumwambia kwamba ni mkakasi.

Kwa hiyo hariri, ndugu yangu. Jivike taji, jiweke mbele ya ndege, jitokeze mara mbili, jife kama Bayard ukipenda. Ila kabla hujabonyeza, tazama kinabadilika nini, na kama ngozi yako imepauka bila wewe kuagiza, rudisha. Itunze picha ya kwanza ambayo haijaguswa, mahali ambapo hakuna kampuni inayoweza kuizima. Na ile unayoipenda, ichapishe. Igeuze, uandike nyuma kwa kalamu jina lako, mwaka, na ulichotaka kusema. Yule mama wa postikadi hakupewa nafasi hiyo. Wewe unayo.